Mwongozo wa Kusoma Sakafu ya Mto: Kwa Wachimbaji wa Mchanga, Mafundi wa Barabara na Viongozi wa Vijiji

1. Walengwa na lengo

Mwongozo huu umeandikwa kwa watu ambao kazi yao ya kila siku inagusa mto: wachimbaji wa mchanga na wasimamizi wa machimbo, madereva wa malori, mafundi wanaojenga karavati na madaraja mfuto ya barabara za vijijini, wenyeviti wa vijiji, watendaji wa kata, na wanachama wa jumuiya za watumia maji. Hautaki elimu ya uhandisi. Unataka macho, tepu, daftari na uvumilivu wa kurudi mahali pale pale mwaka hadi mwaka.

Jambo moja linaubeba mwongozo wote. Mchanga na changarawe zinazoonekana kwenye sakafu ya mto ni mzigo ulio njiani. Umetua kwa muda tu. Kinachoondolewa mahali pamoja kitadaiwa mahali pengine, juu au chini ya hapo, na mto hulipa deni hilo kwa kung'oa ukingo, msingi wa daraja au shamba la mtu. Basi msimamizi yeyote, kabla hajaruhusu koleo la kwanza, ajiulize: kwa mwaka mto unaleta kiasi gani hapa, na sisi tunatoa kiasi gani? Machimbo mengi yanaendeshwa bila swali hili kuulizwa hata mara moja, na hilo ndilo linalotuponza.

2. Jinsi mzigo unavyosafiri

Mto hubeba mashapo kwa njia mbili. Tope na mchanga mwembamba huelea ndani ya maji, ndiyo maana maji ya masika huwa na rangi ya udongo. Mchanga wa chembe kubwa, changarawe na mawe husafiri chini: hubingirika, huburutwa, au huruka kidogo na kutua tena. Kwa uzito, sehemu kubwa ya mashapo yanayofika baharini au ziwani ni yale yanayoelea. Lakini mzigo wa chini, ingawa kwa kawaida ni mdogo, ndio unaoamua umbo la mto. Huo ndio unaojenga mafungu ya mchanga, unaoziba karavati, na unaousukuma mto uhame kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine. Huo pia ndio tunaoupakia kwenye malori.

Kwa vipimo vya kawaida, chembe kubwa kuliko za tope lakini zisizozidi milimita 2 ni mchanga. Kuanzia milimita 2 hadi 64 ni changarawe. Zaidi ya hapo ni mawe, na yakipita milimita 256 ni majabali.

Chembe hizi hazisafiri kila siku. Maji huikokota sakafu ya mto kwa nguvu inayotegemea mambo mawili: kina cha maji na ukali wa mteremko. Nguvu hiyo isipofika kiwango fulani, jiwe halitikisiki hata likipitiwa na maji mwaka mzima. Ikifika, linang'oka. Mwaka 1936 Albert Shields, mhandisi Mmarekani aliyekuwa akisomea Berlin, alitoa tasnifu iliyoonyesha jinsi ya kukadiria kiwango hicho, na wahandisi wa mito wanaitumia mpaka leo. Kwa kazi zetu kanuni yake inaweza kufupishwa hivi: zidisha kina cha maji, kwa mita, na mteremko, kisha zidisha jibu kwa 13.5. Utakachopata ni upana, kwa mita, wa jiwe ambalo maji hayo yanakaribia kulihamisha.

Chukua mto unaoshuka mita 1 katika kila mita 200. Ukijaa kina cha mita 1, hesabu ni 1 × 0.005 × 13.5, yaani takriban milimita 67, jiwe la kujaza kiganja. Mto wa tambarare unaoshuka mita 1 katika mita 1,000, hata ukijaa mita 2, unaishia kwenye changarawe za milimita 27. Kanuni hii inafaa kwenye changarawe na mawe, katika sehemu ya mto iliyonyooka na pana. Isitumike kwenye kona, kando ya nguzo za daraja, wala kwa mchanga. Mchanga hauhitaji hesabu: penye mteremko wa kawaida wa makorongo yetu unatembea hata maji yakiwa ya kifundo cha mguu.

Wengi hudhani kwamba kadiri chembe ilivyo ndogo ndivyo inavyong'oka kwa urahisi. Sivyo. Filip Hjulström wa Uppsala, Sweden, alionyesha mwaka 1935 kwamba mchanga wa wastani ndio unaong'oka mapema kuliko vyote. Udongo wa mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo mno, hushikamana na kuhitaji maji yenye kasi kubwa zaidi. Fundi na mchimbaji wote wana la kujifunza hapo. Ukingo wa mfinyanzi uliokaa juu ya tabaka la mchanga utaonekana imara kwa sababu uso wake haumomonyoki, kumbe chini yake mchanga unatoka taratibu. Utaanguka kwa kipande kizima, na mara nyingi utaanguka maji yakiwa yanapungua, watu wakiwa wameshaanza kusema hatari imepita. Ukingo ulioloa huwa mzito, na maji yaliyokuwa yakiuegemeza kutoka upande wa mto yamekwisha kuondoka.

Kiwango cha kung'oka kikishavukwa, mzigo hauongezeki kwa mwendo uleule wa maji. Tuseme changarawe za mto wenu huanza kusogea maji yakifika kina cha sentimita 50. Yakipanda kutoka sentimita 60 hadi 70, kina kimeongezeka kwa sehemu moja tu ya sita. Lakini kwa kanuni ya Meyer-Peter na Müller, iliyotokana na majaribio ya Zürich na kuchapishwa mwaka 1948, mzigo unaosafiri chini unakaribia kuwa mara tatu. Ndiyo maana siku chache za mafuriko hufanya kazi ambayo miezi mingine yote ya mwaka haiwezi kuifanya, na ndiyo maana mtu anayeukagua mto wakati wa kiangazi peke yake hajauona ukiwa kazini.

Sasa twende kwenye fungu la changarawe lenyewe, kiangazi, tuliangalie kwa karibu. Juu kuna mawe makubwa yaliyolaliana, mengi yakiwa yameinamia upande mmoja kama yaliyopangwa kwa mkono. Ondoa tabaka moja tu la mawe hayo kwa koleo. Chini yake utakuta mchanganyiko wa changarawe ndogo na mchanga. Mto umepepeta kama ungo: chembe nyepesi za juu zimechukuliwa, nzito zimebaki na kuzifunika za chini. Tabaka hilo la juu ni ngao ya mto. Likiwa zima, mafuriko ya wastani hupita bila kuchimba. Mchimbaji anayelikwangua ili afikie mchanga ulio chini anauvua mto ngao yake, na mvua zinazofuata, hata zile zisizotisha mtu, zitachimba.

3. Vipimo vinne vya kuchukua kabla ya kazi

Kipimo cha kwanza ni mteremko. Tumia mpira mwembamba unaopitisha nuru uliojazwa maji, ule ambao mafundi huutumia kusawazisha msingi wa nyumba. Fuata mto kwa umbali wa angalau mita 200, ukijumlisha tofauti za urefu hatua kwa hatua, kisha gawanya jumla ya mshuko kwa umbali. Usipime kona moja au poromoko moja ukaliita mteremko wa mto.

Cha pili ni kina cha mafuriko. Kisome kwenye mstari wa tope uliobaki juu ya mashina ya miti na kwenye nyasi na takataka zilizonasa matawini. Wazee wanaokaa karibu na mto wanajua maji yalifika wapi miaka ya mvua kubwa. Waulizwe kwa heshima, na majibu yao yaandikwe na kupimwa papo hapo, mbele yao.

Cha tatu ni ukubwa wa mawe. Njia iliyoenea duniani ni ya Mmarekani M. Gordon Wolman, ya mwaka 1954. Tembea fungu la changarawe huku na huku, kila hatua inama bila kuangalia, uokote jiwe la kwanza litakaloguswa na ncha ya kidole. Pima upana wake wa kati: si urefu, si unene. Okota mawe 100. Yapange kwenye daftari kutoka dogo hadi kubwa. La 50 ndilo jiwe la kati la mto wenu, na ndilo la kulinganisha na hesabu ya kanuni ya Shields. Kutokuangalia ni sharti. Anayeangalia huchagua mawe mazuri, na mawe mazuri ni makubwa.

Cha nne ndicho muhimu kuliko vyote, na ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote: kimo cha sakafu ya mto. Chagua mahali pa kudumu ng'ambo na ng'ambo, mwamba au nguzo ya zege, uweke alama ya rangi au msumari. Vuta kamba kutoka alama hadi alama, isawazishe, kisha pima kwa tepu kutoka kwenye kamba hadi chini kila baada ya mita moja. Weka mistari ya vipimo kama hiyo, yaani mikato, angalau mitatu: juu ya machimbo, kwenye machimbo, na chini yake. Rudia kila mwaka, mwezi uleule, mwisho wa kiangazi kabla ya kuchimba na tena baada ya mvua. Piga picha ukiwa umesimama palepale.

Daftari hilo ndilo linalojibu swali la kwanza la mwongozo huu. Tuseme sehemu ya machimbo ina urefu wa mita 200 na upana wa mita 30, na vipimo vinaonyesha sakafu imeshuka sentimita 40 tangu mwaka jana. Hizo ni mita za ujazo 2,400, sawa na malori 530 hivi ya mita za ujazo 4.5. Sasa fungua hesabu ya getini. Ikiwa malori yaliyotoka ni 900, mto ulirudisha ya malori 370 hivi; ndicho kiasi unachokimudu kwa mwaka wa mvua kama zile. Kuendelea kutoa 900 ni kula akiba. Ikiwa malori yaliyoandikwa ni 200 tu, basi ama kuna wanaochimba usiku, ama kuna jambo kubwa zaidi juu ya mto linaloukosesha mzigo wake, kwa mfano bwawa jipya. Kwa vyovyote mmegundua jambo ambalo macho matupu yasingewaonyesha.

4. Kuchimba mchanga

Shimo likichimbwa katikati ya mkondo, athari zake hupanda na kushuka mto. Kwenye mdomo wake wa juu maji hudondoka kwa kasi, mteremko unakuwa mkali ghafla, na sakafu inaanza kukatika. Mkatiko huo hupanda kuelekea chanzo, hatua kwa hatua, mafuriko baada ya mafuriko, na unaweza kusafiri mbali sana na machimbo mpaka ukutane na mwamba, au ukutane na daraja. Ndani ya shimo maji hupoa na kutua mzigo wake. Yakitoka upande wa chini hayana kitu cha kubeba lakini nguvu yanayo, kwa hiyo yanachukua popote yanapoweza: sakafuni na kwenye kingo. Mtaalamu G. Mathias Kondolf wa Chuo Kikuu cha California, katika makala ya mwaka 1997, aliyaita maji ya namna hiyo maji yenye njaa, na akaonyesha kwamba mabwawa na machimbo hutenda jambo lilelile. Mto Tana nchini Kenya, chini ya Masinga, bwawa lililokamilika mwaka 1981, na mto wowote wenye machimbo makubwa, yapasa kuangaliwa kwa jicho hilohilo.

Kwa hiyo shimo kujaa mchanga baada ya masika si ushahidi kwamba mto umepona. Limejaa kwa mzigo uliokuwa ukienda kwa wengine, pamoja na sehemu ya sakafu na kingo za juu. Msimamizi anayesema "mto wetu unajirudishia" athibitishe kwa mikato ya juu na ya chini. Ikiwa yote mitatu imebaki palepale, maneno yake ni ya kweli.

Taratibu zinazofuata zizingatiwe bila kujali ukubwa wa machimbo. Chimba kwenye mafungu yaliyo juu ya maji ya kiangazi, kwa kukwangua tabaka jembamba kutoka juu, wala usifukue shimo. Theluthi ya juu ya kila fungu, ile inayotazama maji yanakotoka, iachwe kabisa, kwa sababu ndiyo yenye mawe makubwa na ndiyo inayoyaelekeza maji yasivamie ukingo. Uso uliokwanguliwa uachwe ukiinamia mkondo ili maji yasibaki madimbwini. Fungu lililogusana na ukingo liachiwe sehemu pana upande wa ukingo. Mawe makubwa yasiyouzika yasirundikwe katikati ya mto, kwa sababu hugawa maji na kuyapeleka kwenye shamba la jirani. Yatandazwe tena palipokwanguliwa. Na malori yaingie kwa njia moja tu iliyokubaliwa, kwa kuwa kila mteremko mpya uliokatwa ukingoni ni mlango wa mafuriko yajayo.

Katika nchi kavu kuna sababu nyingine ya kuubakiza mchanga, na kwangu mimi inazidi hizo zote. Makueni, Kitui na Machakos nchini Kenya, na Dodoma na Singida upande wa Tanzania, mito mingi huonekana mikavu karibu mwaka mzima huku maji yakiwa ndani ya mchanga, yamekingwa na jua. Watu hufukua visima vifupi mtoni na kuchota. Katika mchanga wa chembe kubwa, robo au zaidi ya ujazo inaweza kuwa maji. Lori la mita za ujazo 4.5 linaloondoka limeondoa nafasi ya lita 1,000 na ushei, yaani zaidi ya ndoo 50 za lita 20, na nafasi hiyo ilikuwa ikijazwa upya kila msimu wa mvua bila gharama. Mabwawa ya mchanga ya Ukambani, yaani kaunti hizo za Kenya, yamejengwa kwa kuelewa jambo hili: ukuta wa zege au mawe unawekwa juu ya mwamba, mara nyingi ukipandishwa kwa awamu ili tope lipite juu na mchanga mzito ubaki nyuma yake. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Pale ambapo machimbo yamefika kwenye mwamba, kijiji kimeuza tangi lake la maji, na wanaotembea kilomita nyingi na ndoo kichwani kwa ajili ya biashara hiyo ni kina mama na watoto ambao hawakukaa kwenye kikao cha kuuza. Kijiji chochote cha nchi kavu kinachojadili kibali cha machimbo kiwaite kwanza wanaochota maji, na kiwasikilize.

Kuhusu sheria: Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu mazingira hayo. Mchanga ni madini ya ujenzi na una leseni yake chini ya Sheria ya Madini ya 2010, na matumizi ya mto yako chini ya bodi ya maji ya bonde husika, kati ya mabonde 9 ya nchi. Barua ya kijiji peke yake haitoshi. Viongozi wanaopokea ushuru kwa kila lori pasipo vibali hivyo wanakiweka kijiji hatarini, na wasisubiri kuambiwa na mkaguzi.

5. Madaraja, karavati na madaraja mfuto

Tarehe 4 Machi 2001, daraja la Hintze Ribeiro kwenye mto Douro, kaskazini mwa Ureno, lilianguka usiku wakati wa mafuriko. Basi moja na magari madogo matatu yalitumbukia, na watu 59 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba uchimbaji wa mchanga wa miaka mingi ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoacha nguzo bila msaada wa sakafu. Daraja lilikuwa limesimama kwa zaidi ya karne moja. Naeleza habari hii kwa sababu wengi huamini kwamba daraja la zamani limekwisha kujithibitisha, na kwamba madhara yangeonekana mapema kwa macho.

Hayaonekani, na sababu yake ni hii. Maji yanapogonga nguzo hujipinda kuelekea chini na kuchimba shimo mguuni pake. Shimo hilo huwa refu kuliko wakati wowote pale mafuriko yanapofika kileleni. Maji yakianza kupungua, mchanga unaosafiri unalifukia. Mkaguzi anayefika wiki mbili baadaye anakuta sakafu tambarare, anaandika kwamba hali ni nzuri, na anaondoka.

Fundi wa wilaya anaweza kuupata ukweli kwa mnyororo wa kawaida. Kiangazi, chimba tundu jembamba la wima karibu na nguzo, kina cha mita 1.5 au 2, uufunge mwisho wa mnyororo kwenye jiwe au chuma na kuushusha ukiwa umenyooka, kisha ufukie mpaka pete ya mwisho ibaki usoni. Mafuriko yakichimba, sehemu iliyofukuliwa ya mnyororo italala chini ikifuata maji; mchanga ukirudi utaifunika ikiwa imelala. Mwaka unaofuata fukua taratibu mpaka kwenye kona ambapo mnyororo unaacha kulala na kuanza kusimama. Kimo cha kona hiyo ndicho kimo cha chini kabisa ambacho sakafu ilifika. Kikiwa karibu na kitako cha msingi, funga daraja na uandike barua siku hiyohiyo kwa wakala wa barabara, iwe TARURA au TANROADS kwa upande wa Tanzania.

Karavati zina tatizo la upande wa pili. Mabomba mawili ya sentimita 90 katika mto wenye upana wa mita 12 huubana mkondo. Maji hujaa nyuma ya tuta, hupoa, na mzigo hutua mdomoni. Masika mawili matatu, mabomba yamekuwa nusu, na mafuriko yanapita juu ya barabara na kukata tuta upande wa chini. Penye mto unaobeba mchanga mwingi, daraja mfuto lililowekwa kimo kilekile cha sakafu ya mto lina maisha marefu kuliko mabomba, mradi upana wake ufunike mkondo wote na upande wa chini uwekewe ukuta uliozama pamoja na sakafu ya mawe makubwa au gabioni. Likiinuliwa sentimita 50 "ili lisilowe", limeshakuwa bwawa dogo, na upande wake wa chini utachimbwa.

6. Bonde la Mkondoa: mto unapoinuka

Kuna mito ambayo shida yake ni wingi wa mashapo. Mto Kinyasungwe unatoka nyanda kavu za Dodoma, unapita Gulwe na Kidete, na kuwa Mkondoa hadi Kilosa, kwenye bonde la Wami. Reli ya Kati ilijengwa kufuata bonde hilo jembamba, kwa hiyo mto na reli vinabanana. Mvua za mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 zilibomoa tuta la mto huko Kilosa, zikawaacha maelfu ya watu bila makazi na kukata reli, na treni zikasimama kwa miezi. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho kwa sehemu hiyo.

Mashapo yanatoka milimani, kwenye miteremko iliyopoteza majani, na yanashuka kwa makorongo makali. Yakifika bondeni mteremko unapungua, nguvu ya maji inapungua nayo, na mzigo unatua. Sakafu ya mto inapanda. Ikipanda, maji yaleyale ya miaka iliyopita sasa yanafika juu ya tuta. Tuta likiongezwa, mto unaendelea kupanda ndani yake, mpaka siku tuta linapobomoka na maji kushukia mji kutoka juu. Anayepima kimo cha tuta bila kupima kimo cha sakafu hajapima kinga yoyote.

Katika mto wa namna hii, kuondoa mchanga kwa mpangilio kunaweza kuwa sehemu ya tiba, na machimbo halali yaelekezwe huko badala ya kwenye mito inayoshuka. Lakini tiba yenyewe iko juu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Miti na majani yakarudi vilimani. Lilikuwa jambo gumu kwa wafugaji, na sioni kwamba amri kama ile inapaswa kurudiwa vilevile leo. Ila lilionyesha kwamba chanzo cha mashapo kinaweza kupunguzwa ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Viongozi wajue pia kwamba mto hautatii mara moja. Grove Karl Gilbert alipochunguza mito ya Sierra Nevada, California, katika kitabu cha mwaka 1917, alikuta taka za machimbo ya dhahabu zikiendelea kushuka mabondeni, ingawa mahakama ilikuwa imeyazuia machimbo hayo tangu 1884. Mchanga uliokwisha kuingia mtoni una safari yake ya miongo. Kijiji kilichopanda miti na kuzuia moto kisikate tamaa kwa sababu karavati imeziba tena masika ya tatu. Kiendelee kupima mikato.

7. Usalama wa watu

Ukuta wa mchanga wenye unyevu husimama wima kwa sababu unyevu huzishikanisha chembe. Jua likiukausha, au maji yakiujaza, mshiko huo unapotea na ukuta unaanguka wote kwa mara moja bila ishara ya kutosha. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa takriban tani 1.6, na aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupumua. Ni marufuku kuchimba chini kwa chini kuingia ukingoni, hata kwa "lori moja tu". Uso wa kuchimbia usizidi kimo cha kiuno, na ukizidi ukatwe kwa ngazi. Hakuna mtu wa kupumzika kivulini mwa ukingo. Watoto wasiwepo.

Mafuriko ya makorongo hutokana na mvua iliyonyesha mbali, huku mahali pa kazi jua likiwaka. Kila machimbo yawe na mawasiliano ya simu na mtu anayeishi juu ya mto, na mlinzi mmoja asiyechimba. Maji yakibadilika rangi ghafla, au majani makavu na vijiti vikianza kuelea, watu watoke kwanza. Mashine na malori vifuatwe baadaye, ikiwezekana.

Madereva wazingatie kwamba mchanga uliotua jana haujashikana. Chembe zimelala kwa ulegevu na maji yamejaa kati yake, na tairi likizitikisa hugeuka uji. Kabla ya kuvuka korongo baada ya maji kupungua, tembea kwa miguu ukichoma fimbo kila hatua, kwenye mstari uleule ambao magurudumu yatapita. Fimbo ikizama kwa urahisi kupita sentimita 30, rudi. Penye daraja mfuto, usivuke maji yakiwa yanapita juu yake ikiwa huoni kingo zake zote mbili: upande wa chini huenda umechimbwa, na zege unalolitegemea linaweza kuwa linaning'inia.